Ng'ombe Walilala Wapi? Vijiji vya Kale Kati ya Kitale na Webuye

Mtu akitajiwa kijiji cha kale kilichojengwa mlimani, haraka hufikiria Italia au Ufaransa: kuta za mawe, mnara wa kanisa, vichochoro ambavyo gari haliwezi kupita. Wenyeji wa huko walipanda juu kukimbia vita, wanyang'anyi na homa za mabondeni, na kwa kuwa walijenga kwa mawe, kazi yao ipo hadi leo na wageni hulipa kuiona.

Magharibi mwa Kenya nako watu waliishi kwenye miinuko enzi zizo hizo, na kwa sababu zisizotofautiana sana na hizo. Ila wao walijenga kwa udongo, miti, nyasi na samadi. Paa likianguka, mvua ilimaliza kazi. Kilichobaki ni mashimo ya duara kwenye miteremko, mahandaki yaliyojaa magugu na mapango yenye dari nyeusi kwa moshi. Abiria wa matatu anayetoka Kitale kwenda Bungoma huvipita vitu hivi bila kujua, kwa maana havina mnara wala kibao cha kumsimamisha.

Anayetaka kuvielewa hahitaji kuanza na majina ya wafalme. Aanze na swali ambalo kila mwenye boma katika nchi hii alilazimika kulijibu kila jioni: ng'ombe walale wapi usiku? Shimo, pango na ngome ni majibu matatu ya swali hilo hilo, yaliyotolewa na watu tofauti katika kipindi cha miaka mia saba hivi.

Nchi yenyewe

Mji wa Kitale uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, katikati ya uwanda wa Trans Nzoia. Magharibi yake umesimama Mlima Elgon, volkano iliyokufa zamani, ambao kilele chake kirefu zaidi, Wagagai, kiko upande wa Uganda na kina mita 4,321. Upande wa Kenya kinachojulikana zaidi ni Koitobos. Mashariki kuna vilima vya Cherangani. Mto Nzoia hukusanya maji ya milima hiyo miwili, ukateremka kupitia Webuye katika Kaunti ya Bungoma, ukapita Mumias na kuingia Ziwa Viktoria.

Leo nchi hii ni ya mahindi. Kuanzia Kiminini hadi Endebess, mashamba yamepangana mpaka macho yachoke. Lakini mahindi ni mgeni. Kwa karne nyingi kabla yake uwanda huu ulikuwa malisho: nyasi nzuri, maji ya kutosha, baridi ya kufukuza mbung'o. Mfugaji angependa nini zaidi? Na kwa kuwa kila mfugaji aliipenda, kila mmoja alilazimika kuulinda mfugo wake dhidi ya mwenzake.

Mashimo ya Wasirikwa

Jibu la kwanza lilitolewa na watu ambao Wakalenjin huwaita Wasirikwa. Jina lao limebaki hadi kwenye hoteli maarufu ya mjini Eldoret, ingawa wageni wengi wanaolala humo hawajui limetoka wapi. Kuanzia karibu mwaka 1200 hadi karne ya 18, wafugaji hawa walienea katika nyanda za juu za magharibi, kutoka eneo la Nakuru hadi Cherangani na miguu ya Elgon. Alama yao ni shimo la duara lililochimbwa ubavuni mwa kilima. Wakalenjin huyaita mashimo hayo mukowanik.

Shimo moja, likitazamwa kwa karibu, linasema mengi. Mgeni apande kutoka upande wa chini wa mteremko. Kwanza atakutana na kifusi, tuta lenye nyasi zilizostawi kuliko za jirani. Akilizunguka ataona mwanya, wakati mwingine umekingwa na mawe pande zote mbili: huo ndio mlango. Akiingia, atajikuta katika uwanja wa duara uliobonyea kama sahani, wenye upana wa kati ya mita 10 na 20. Mbele yake ukingo wa nyuma umekatwa ndani ya kilima na unapita kimo cha mtu mzima. Pembeni, nje kidogo ya ukingo, kuna vijukwaa vidogo bapa. Penye mawe mengi, kama katika sehemu za Uasin Gishu, ukingo wote umezungushiwa mawe yaliyopangwa bila udongo wa kushikiza.

Kwa muda mrefu wataalamu waliyasoma mashimo haya vibaya. Walowezi wa Kizungu walipoyakuta kwenye mashamba yao waliamini ni mahandaki ya watu kulala. G. W. B. Huntingford, aliyeishi na kufanya utafiti kati ya Wanandi, aliandika mwaka 1933 juu ya kile alichokiita ustaarabu wa Azania, akiyaunganisha mashimo, mawe na mitaro ya nyanda za juu kuwa kazi ya jamii moja ya kale iliyotoweka. Mary Leakey alichimba Hyrax Hill karibu na Nakuru mwaka 1937 na 1938, ambako kuna kundi la mashimo 13, na tangu hapo ushahidi wa mchanga na vigae ukaanza kuchukua nafasi ya dhana.

Aliyelifumbua fumbo ni J. E. G. Sutton, mwanaakiolojia aliyezunguka nyanda hizi katika miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu chake juu yake mwaka 1973. Yeye alikitazama kile kifusi cha mlangoni na kuuliza kimetoka wapi. Kilikuwa na samadi, tope, majivu, vigae na mifupa. Kumbe shimo lilikuwa zizi. Ng'ombe walilala ndani, na asubuhi wenye boma walisukuma samadi na tope nje kupitia mlango wa chini, siku baada ya siku, mpaka tuta likainuka. Watu wenyewe walilala katika nyumba ndogo za duara zilizojengwa juu ya vile vijukwaa vya pembeni, zikiwa zimeshikana na zizi. Ili kuifikia nyumba, mtu alipita kwanza kwenye lango la zizi, akapita kati ya ng'ombe, ndipo akafika mlangoni pake.

Ramani hiyo ndogo ilikuwa na akili. Mwizi aliyekuja usiku hakuwaona ng'ombe kwa mbali, maana walikuwa chini ya usawa wa ardhi. Lango lilikuwa moja, jembamba, na mara nyingi lilikuwa na kibanda cha mlinzi ubavuni. Hata akifanikiwa kuingia, kuwatoa wanyama mmoja mmoja kupitia mwanya huo, wakipanda na kulia, kungewaamsha wote. Kwa wizi wa vijana wachache waliotaka ng'ombe wawili watatu, shimo lilitosha kabisa.

Mashimo huonekana kwa makundi, mengine machache, mengine zaidi ya mia. Hilo halina maana kwamba familia mia moja ziliishi pamoja kwa wakati mmoja. Tuta lilipokua mno na zizi kuzidi kuzama na kujaa tope, wenyewe walihama hatua chache na kuchimba lingine. Kundi kubwa ni vizazi kadhaa vilivyoishi kwenye kilima kimoja bila kukiacha.

Mfumo huo ulivunjika katika karne ya 18. Wamaasai walikuja na rika za mashujaa waliopangwa kijeshi, mamia kwa mara moja, na zizi la shimo lenye lango moja likageuka mtego kwa walio ndani. Wasirikwa hawakufutika. Wengi waliingia katika koo za Wakalenjin na Wamaasai, na simulizi za Wabukusu wa Bungoma nazo zinataja Silikwa kama mojawapo ya nchi ambazo mababu zao walipitia kabla ya kufika waliko leo. Mwanahistoria F. E. Makila alikusanya simulizi hizo katika kitabu chake cha mwaka 1978 juu ya historia ya Wabukusu.

Kuanzia makumbusho

Kabla ya kwenda kutafuta mashimo mashambani, ni busara mgeni apite Makumbusho ya Kitale. Historia yake inafaa kusimuliwa. Kanali Hugh Stoneham, mlowezi mwenye shamba karibu na mji, alikuwa na mapenzi ya kukusanya vitu: vipepeo, ndege, vitabu, silaha na zana za wenyeji. Mwaka 1926, mwaka ule ule reli ilipofika Kitale, alifungua makumbusho yake binafsi. Alipofariki mwaka 1966 aliacha mkusanyo wake kwa taifa, na mwaka 1974 serikali ikafungua jengo jipya mjini, la kwanza kwa makumbusho ya mikoani katika Kenya bara.

Ndani mgeni atakuta vyombo vya maziwa, ngao, mikuki, vyungu na ala za muziki. Nje kuna nyumba za kienyeji zilizojengwa kuonyesha maisha ya jamii za magharibi, na nyuma yake njia ya miguu inayoingia katika kipande cha msitu wa asili. Kipande hicho kidogo kinampa mtu picha ya nchi ilivyokuwa kabla ya trekta.

Maana trekta, na kabla yake plau ya maksai, ndiyo imekula mashimo mengi kuliko mvua. Kitale ilianzishwa mwaka 1908 kama mji wa walowezi. Vita vya Wamaasai wa Uasin Gishu na jirani zao katika karne ya 19 vilikuwa vimeuacha uwanda ukiwa na watu wachache, na serikali ya kikoloni ikautangaza kuwa mtupu na kuugawa. Kila shamba lililolimwa kwa mashine lilisawazisha kitu. Mashimo yaliyonusurika ni yale yaliyo kwenye miteremko mikali, kwenye mawe na pembezoni mwa misitu, hasa kuelekea Cherangani.

Mapango ya Elgon

Jibu la pili halikuhitaji jembe. Elgon ililipuka zamani sana na kumwaga majivu yaliyogandamana kuwa mwamba laini. Mwamba huo umetobolewa mapango makubwa, na katika mapango hayo Wakony, mojawapo ya koo za Wasabaot, waliishi na mifugo yao.

Joseph Thomson, msafiri wa Kiskoti, aliyaona mwaka 1883 alipokuwa akirudi kutoka Ziwa Viktoria. Katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1885 alieleza jinsi alivyokuta watu, vibanda na ng'ombe ndani ya mlima, na mlangoni uzio wa kuzuia maadui. Thomson hakuamini kwamba wenyeji waliokuwa mbele yake, au maumbile yenyewe, vingeweza kutoa mapango ya ukubwa ule. Akadhani ni machimbo ya taifa fulani la kale lililotafuta vito au madini. Ni kosa la aina ile ile lililorudiwa miaka hamsini baadaye juu ya mashimo: kila kilichoonekana kikubwa kilitafutiwa mwenyewe mwingine.

Wachimbaji kweli walikuwapo, lakini walikuwa na mikonga. Pango la Kitum, ndani ya Mbuga ya Taifa ya Mlima Elgon iliyotengwa mwaka 1968, linaingia ndani ya mlima karibu mita 200. Usiku, tembo waliingia humo kwa mstari, gizani kabisa, wakipapasa njia kwa mikonga, wakafika ukutani na kuubomoa mwamba kwa pembe zao ili wale chumvi iliyomo. Nyati, pongo na wanyama wengine waliwafuata kulamba mabaki. Mwenye tochi ataona ukutani mikwaruzo mirefu ya pembe, mmoja juu ya mwingine, mpaka kimo ambacho mtu hafiki kwa mkono. Ujangili wa miaka ya 1980 uliwapunguza sana tembo hao, na mgeni wa leo anapaswa kujihesabu mwenye bahati akiwaona.

Kwa Mkony mwenye ng'ombe, chumvi hiyo hiyo ilikuwa faida ya ziada. Mifugo yake ililamba ukuta wa nyumba. Paa halikuvuja, baridi ya usiku ilipungua kwa joto la wanyama, na mlango mmoja wenye uzio wa miti ulimlinda kuliko shimo lolote la uwandani. Moshi wa mioto ya vizazi umezipaka dari rangi nyeusi ambayo haijatoka. Maisha hayo yaliendelea hadi karne ya 20, katika enzi ya ukoloni.

Kuna tahadhari moja. Popo wengi wanaishi katika mapango haya, na Kitum linahusishwa na wagonjwa wawili wa homa ya Marburg, mwaka 1980 na 1987, ambao wote walikuwa wamelitembelea kabla ya kuugua. Mwaka 2007 watafiti walipata virusi hivyo katika popo wa humo. Mgeni afuate maagizo ya askari wa wanyamapori, asishike popo wala kinyesi chao, na asiende bila mwelekezi. Lango la Chorlim, linalofikiwa kutoka Kitale kupitia Endebess, liko chini ya kilomita 30 kutoka mjini, na waelekezi hupatikana hapo.

Lukoba, kijiji chenye ukuta

Akitoka Kitale kuelekea kusini, msafiri hupita Kiminini, akaingia Kaunti ya Bungoma, akapita Kamukuywa, na baada ya kilomita 60 hivi akafika Webuye. Hapa jibu la tatu ndilo lililotawala. Wabukusu na jirani zao Watachoni walikuwa wakulima wa wimbi na mtama pamoja na kufuga, kwa hiyo hawakutaka kuliacha bonde lenye rutuba. Badala ya kumficha ng'ombe ardhini au mlimani, walimzungushia ukuta.

Kijiji hicho cha ngome Wabukusu wanakiita lukoba. Vikiwa vingi ni chingoba. Ujenzi wake ulikuwa kazi ya koo kadhaa kwa pamoja. Walichimba handaki la mviringo, udongo uliotoka wakaupandisha ndani kuwa ukuta, juu yake wakapanda miiba. Malango yalikuwa machache na ya chini, hata mtu aliinama kuingia, na usiku yalizibwa kwa magogo. Ndani kulikuwa na nyumba za duara, maghala ya nafaka na nafasi ya mifugo ya kijiji kizima. Kiongozi, omukasa, aliheshimiwa kwa hekima na ushujaa, na mara nyingi ngome iliitwa kwa jina lake.

Tofauti na shimo la Wasirikwa iko wazi. Shimo lilikuwa la familia moja. Lukoba ilikuwa ya jamii. Kikosi cha mamia kilichoweza kulizingira zizi la mtu mmoja kilikutana sasa na ukuta wenye mamia nyuma yake. Thomson, aliyepita mwaka 1883, aliona vijiji vya aina hii vikiwa na watu. Katika miaka ya 1960 na 1970 mtafiti R. T. K. Scully alizunguka Bungoma akiandika mahali ngome hizo zilipokuwa na simulizi za wazee juu ya kila moja, na makala zake katika jarida la Azania bado ndizo ramani bora ya mambo hayo.

Ngome za namna hii hazikuwa za Bungoma peke yake. Kule Migori, Thimlich Ohinga ina kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, zilizoanza kujengwa karibu karne ya 16, na tangu mwaka 2018 imo katika orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO. Konso, kusini mwa Ethiopia, ambako miji yenye kuta za mawe bado inakaliwa na watu juu ya vilima, iliingia katika orodha hiyo mwaka 2011. Lukoba ilikuwa na mpango uleule wa ukuta, malango na mifugo katikati. Ilikosa jiwe tu.

Chetambe, 1895

Juu ya mji wa Webuye kuna safu ya vilima vya Chetambe, vilivyopewa jina la Chetambe wa Ifile, Mtachoni aliyejenga ngome yake huko juu. Anayepanda hadi kileleni anaelewa mara moja kwa nini alipachagua. Upande mmoja Elgon umejaa upeo wote wa macho. Chini Mto Nzoia unaonekana ukielekea kwenye maporomoko ya Nabuyole. Hakuna kundi la watu ambalo lingeweza kukaribia mchana bila kuonekana saa nyingi kabla.

Mwaka 1895 Waingereza walikuwa ndiyo kwanza wameweka kituo Mumias, chini ya Charles Hobley, wakishirikiana na Nabongo Mumia wa Wanga. Bunduki zilikuwa zimeingia mikononi mwa Wabukusu kupitia misafara ya biashara na askari watoro. Hobley aliwataka wazirudishe, wakakataa, na kikosi cha askari wa Kisudani kilichotumwa kuzichukua kikauawa. Jeshi kubwa likakusanywa: Wasudani, Waganda, wapiganaji wa Mumia na Wamaasai, pamoja na bunduki ya rashasha aina ya Maxim. Ngome ya Lumboka ilianguka kwanza. Waliosalia walikimbilia Chetambe, mlimani, mahali palipoonekana salama kuliko pote.

Handaki na ukuta vilivyokuwa vimezuia mikuki kwa miaka havikuweza kuzuia risasi zinazofuatana. Chetambe nayo ilianguka, watu wengi wakauawa, mifugo ikatekwa. Baada ya hapo ngome zikapoteza kazi. Watu walitawanyika wakajenga boma mojamoja kwenye mashamba yao, na huo ndio mpangilio unaoonekana Bungoma leo: nyumba imezungukwa na mahindi na miwa, jirani yuko hatua chache, ng'ombe wawili watatu wamefungwa nyuma ya jiko.

Kumbukumbu haikutawanyika. Mwaka 1947 Elijah Masinde, mzaliwa wa Maeni karibu na Kimilili na kiongozi wa Dini ya Msambwa, aliwaongoza maelfu ya wafuasi wake hadi Chetambe kuwakumbuka waliokufa mwaka 1895. Serikali ya kikoloni iliona jinsi pale mlimani palivyoweza kuwasha moto tena. Mwaka uliofuata, baada ya polisi kuwapiga risasi na kuwaua waumini huko Malakisi, dini hiyo ilipigwa marufuku.

Sasa chini ya kilima kuna reli ya kwenda Uganda, barabara kuu yenye malori ya kwenda Malaba, na kiwanda cha karatasi kilichoubeba uchumi wa Webuye tangu miaka ya 1970, kikafungwa mwaka 2009, kisha kikauzwa kwa mwekezaji mwaka 2016. Kileleni, alama za handaki bado zinaweza kuonekana na anayeonyeshwa. Asiyeonyeshwa atadhani ni mfereji wa maji ya mvua.

Kwa anayetaka kwenda

Hapo ndipo tatizo la nchi hii lilipo. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 inalinda mabaki ya kale na inamtaka anayeyagundua atoe taarifa. Lakini mwenye ekari mbili za mahindi hawezi kulinda shimo ambalo hakuna aliyemwambia ni nini. Kwake ni mahali panapotuama maji na kuharibu mistari ya kupandia, basi hulijaza. Hyrax Hill imenusurika kwa kuwa ilichimbwa, ikatangazwa na kujengewa makumbusho. Trans Nzoia na Bungoma hazina eneo lililoandaliwa kwa mtindo huo, ingawa kaunti zote mbili hutaja utalii katika mipango yao.

Kwa sasa basi mgeni anategemea ukarimu wa wenyeji. Mashimo mengi yako ndani ya mashamba ya watu, na mtu haingii shamba la mwenzake bila hodi. Upande wa Bungoma, salamu ya "Mulembe" hufungua malango mengi, na mzee akiitwa "Papa" na mama "Mayi" mazungumzo huchukua mkondo mzuri. Kwa Wasabaot na Wakalenjin wengine, "Chamgei" hutosha kuanza. Mwenye boma akikubali, mara nyingi ndiye atakayekuwa mwelekezi bora, maana anajua hadithi ya kila jiwe shambani mwake. Hahitaji kuombwa amkaribishe mgeni mezani. Ugali wa wimbi, kuku wa kienyeji na saga au mrenda huja vyenyewe.

Siku mbili za Kitale zinatosha makumbusho na mapango. Anayependa wanyama aongeze Saiwa Swamp, mbuga ndogo kuliko zote za taifa nchini, yenye karibu kilomita 3 za mraba, iliyotengwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, swala wa majini anayejificha katika mafunjo. Siku ya Webuye ianze mapema kwa kupanda Chetambe kabla ya jua kali, kisha Nabuyole mchana.

Wakati mzuri wa kuyaona mashimo ni kati ya Desemba na Februari. Mahindi yameshavunwa, nyasi zimekauka na kulala, na jua la asubuhi au la saa kumi na moja jioni likipiga mteremko kwa ubavu, kila shimo hujaa kivuli na kundi zima huonekana kutoka barabarani. Mwezi Agosti wa miaka ya shufwa ni kinyume chake: mashamba yamefunga, njia zina tope, na handaki la Chetambe limefunikwa na majani. Lakini ndio mwezi wa tohara ya Wabukusu. Vijana hucheza wakipiga njuga za chinyimba kutoka boma hadi boma kuwaalika wajomba na shangazi, na alfajiri hurudi kutoka mtoni wamepakwa tope huku ukoo mzima ukiwaimbia. Anayefika wakati huo apange malazi mapema, maana watu wa Bungoma walio Nairobi na Mombasa hurudi nyumbani, na vyumba vya Webuye, Kimilili na Bungoma mjini hujaa.